Mheshimiwa wa Benchi la Maegesho

Mimi wanasiasa siwapendi, na heri niseme hilo mapema nisije nikaonekana nimerogwa. Kwetu, pande za Kitale, mwanasiasa ni mtu anayefika mwaka wa kura na gari la vipaza sauti, anakukumbatia hata ukiwa umetoka shambani na matope hadi magotini, kisha unamwona tena miaka mitano baadaye amenenepa. Mama yangu ana msemo kuwahusu, ila hauandikiki. Kwa hiyo si siasa iliyonikutanisha na yule mama wa Kihindi wa ghorofa ya nne. Ni birika.

Nilikuwa mlinzi katika jengo la makazi huko Dubai Investments Park, jengo la kawaida tu, lenye maegesho ya magari mbele na benchi moja la chuma chini ya paa la maegesho. Zamu ya mchana tulikuwa wawili, mimi na Sula, Mwislamu mmoja wa Masaka, Uganda, mtu wa taratibu sana. Asubuhi moja lifti ikafunguka, akatoka mwanamke mzee mwenye sari ya pamba na nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, amekumbatia birika la umeme jipya, lingali ndani ya boksi lake. Akanikabidhi. Akasema ni la walinzi. Nikamuuliza kama limeharibika. Akasema halijaharibika, mwanawe kalinunua jana, ila yeye hawezi kuwa na birika nyumbani kwake.

Sababu aliitoa palepale, amesimama. Kwao India, kwenye kura za vijijini, kila mgombea hupewa alama, ili hata asiyejua kusoma amtambue mtu wake. Bwana aliyemshinda katika uchaguzi wake wa mwisho alikuwa na alama ya birika. Msimu mzima wa kampeni ilikuwa birika ukutani, birika kwenye mabango, watoto wanapita njiani wakiimba birika. Tangu siku hiyo chai yake ilichemshwa kwa sufuria. "Siwezi kulala nyumba moja na yule bwana," alisema, akarudi zake kwenye lifti. Sisi tulikunywa chai ya yule bwana kwa muda mrefu, na ilikuwa tamu.

Mwanzoni nilimwita Madam, kama tunavyowaita wote. Akakataa. Madam, alisema, ni mwalimu wake wa shule ya msingi aliyekuwa akimchapa kwa rula. Basi nikamwita Mheshimiwa, na nilimwita kwa dhihaka, maana kwetu hilo ndilo jina wanalolitaka hata wakiwa wameshindwa vibaya. Akaniuliza maana yake, nikamweleza. Akalitamka polepole, akalirudia, akalipenda, na baada ya hapo ukimwita vinginevyo alijifanya hasikii. Lilienea jengo zima, hata kwa watu wasiojua limetoka lugha gani. Tulizungumza naye kwa Kihindi nilichookota kazini, kwa Kiingereza chake cha mikutanoni, na kwa zile yalla, yaani haya twende, na khalas, yaani basi imetosha, za mji huu ambazo ni mali ya kila mtu.

Alikuwa ameongoza kijiji, akapanda hadi baraza la wilaya, na kipindi kimoja akakaa katika bunge la jimbo lao. Halafu mumewe akafa, akashindwa kura mara mbili, moyo nao ukaanza kumsumbua. Mwanawe wa pekee, mwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, akamleta Dubai apumzike. Hilo neno kupumzika alilitaja kama mtu anayetaja maradhi.

Wala hakupumzika. Kule kwao, mwanasiasa huamka akakuta watu barazani wakimngoja, kila mmoja na shida yake, na ni aibu kunywa chai ya asubuhi peke yako. Hapa hakuna baraza, kwa hiyo alilichukua lile benchi la maegesho. Watu wakishaenda kazini, alishuka na chupa ya chai na vikombe, akakaa mwisho kabisa wa benchi ili sehemu kubwa ibaki wazi. Siku za kwanza alikaa peke yake. Kisha akaja dereva mmoja wa Peshawar, kisha wale Wanepali wa usafi, kisha mayaya wa Kifilipino wakitembeza watoto, kisha Wakenya wangu kutoka majengo ya jirani, maana Mkenya akisikia kuna mahali pa kulalamika bure haachi.

Alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza: mwenye shida mpe kiti kwanza, jibu baadaye. Nilimwona akinyanyuka yeye mwenyewe, na yale magoti yake yanayouma, ili msafishaji mwenye ndoo apate pa kukaa. Ya pili ilinichukua muda kuielewa. Ukishamaliza kusema, alikuwa anakurudishia shida yako kwa maneno yako mwenyewe, neno kwa neno, hapunguzi hapambi, kabla ya kutia lake lolote. Nilidhani ni uzee. Nilidhani anarudia ili asisahau.

Mpaka nilipopeleka yangu. Mama alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa naomba likizo kwenye kampuni ya ulinzi na kuzungushwa. Nilikaa benchini nikamwaga yote, pamoja na matusi. Akanitazama, akasema: "Uliomba ruhusa ukamwone mama yako. Akakwambia subiri. Ukasubiri. Sasa anasema hukuomba." Nilipoyasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, bila kelele zangu, nililia. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia niende kwa msimamizi nikayaseme vilevile, hivyo hivyo, nisiongeze na nisilie. Nikaenda, nikayasema, nikapata ruhusa. Sisemi nilianza kuwapenda wanasiasa. Nasema nilipata ruhusa.

Meneja wa jengo alipolalamika kwamba mikusanyiko hairuhusiwi, Mheshimiwa alimweleza kwa upole kwamba huo haukuwa mkusanyiko bali foleni ya chai. Lakini kuanzia siku hiyo watu walikuja mmoja mmoja, na anayengoja alingoja ng'ambo ya pili ya maegesho, karibu na kibanda chetu cha ulinzi. Alisema amekaa kwenye siasa miaka mingi kiasi cha kujua tofauti kati ya sheria ya kupigania na sheria ya mwenye nyumba.

Nisimpambe sana. Alikuwa mwongo, na alidanganya bila jasho. Kule kwenye kambi ya wafanyakazi walikolala akina Sula, kiyoyozi cha chumba chao kilikufa katikati ya joto, watu wanalala na taulo zilizoloweshwa. Sula akalileta benchini. Siku ya pili Mheshimiwa akamwambia ameshaongea na mkubwa wa kambi, mambo tayari. Sula akaenda zake kwa furaha. Hakuna aliyekuwa ameongea na mtu. Nilipojua nilimwendea kwa hasira, nikamwambia hivi ndivyo wanavyotufanyia huko kwetu. Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza kama Sula jana alilala. Nikasema alilala. "Basi," akasema, "yeye amelala, na leo mimi nitaongea." Akamtafuta yule mkubwa wa kambi kwa simu asubuhi nzima, akimwita mwanangu, mwanangu, mpaka nadhani bwana alitengeneza kiyoyozi ili apumue. Sula nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Huyu mama amenidanganya vizuri." Mimi sikucheka.

Tena neno lake la kukwepa lilikuwa nitaangalia. Hakuwahi kumwambia mtu hapana. Ukisikia nitaangalia, ujue ndoo imefika kisimani na kamba ni fupi.

Kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha alama yake mwenyewe, cherehani. Alikuwa hajui kushona hata kifungo. Alama ilimwangukia tu. Akashinda. Asubuhi ya pili akafungua mlango akakuta wanawake wamejaa barazani, kila mmoja na kitambaa mkononi. Walikuwa wameona cherehani kwenye bango, wakaipigia kura cherehani, cherehani imeshinda, sasa wamekuja kushonewa. Mumewe alitaka kuwafukuza. Yeye akaona haya kuwaambia kwamba ile ilikuwa picha tu. Alivipokea vitambaa vyote, akavipeleka kwa fundi wa mjini bila mume kujua, na baadaye sana, alipokuwa na nguvu, akafungua chumba cha ushonaji nyuma ya ofisi ya kijiji. "Wenzangu huahidi wasitimize," alikuwa akisema, akicheka mpaka anashika kifua. "Mimi nilitimiza nisichoahidi."

Lakini kisa kilichomfanya awe yeye alikisimulia mara moja tu, na hakucheka. Kule kwao sheria hutenga baadhi ya viti kwa wanawake peke yao, na zamu huzunguka kutoka kijiji hadi kijiji. Zamu ilipofika kwao, wanaume wakubwa walikaa wakatafuta mwanamke. Tuseme ukweli, hawakutafuta mwanamke, walitafuta jina la mwanamke. Mumewe akatoa la mkewe. Kwenye bango picha ya mume ilikuwa kubwa, ya mke ndogo, uso umefunikwa kwa ncha ya sari. Alipotangazwa mshindi, mume ndiye aliyekwenda kukaa kwenye kiti, na watu wakamwita mume mwenyekiti. Mke aliletewa karatasi nyumbani, akaweka sahihi kati ya kukanda unga na kugeuza chapati.

Siku moja akaenda kisimani, akakuta wanawake wa upande wa chini wa kijiji wakimtukana kwa jina, na hawakunyamaza alipofika. Kumbe pampu mpya ya maji iliyokuwa iende kwao ilikuwa imechimbwa mlangoni kwa rafiki wa mumewe, na amri ilitoka kwa sahihi yake. "Niliona matusi ni yangu na kiti ni chake," aliniambia. "Nikasema, basi nichukue vyote viwili."

Mkutano uliofuata alitangulia kufika, akafunua uso, akakaa kwenye kiti. Mume alipoingia alisimama mlangoni. Hakuna aliyemletea kiti kingine, naye hakuomba. Alirudi nyumbani, na kwa msimu mzima wa mavuno hakumsemesha mkewe. Aliandaliwa, akala, kimya. Halafu taratibu akaanza kuja mikutanoni, akikaa nyuma kabisa, na kila mkewe alipozidisha maneno yeye alikohoa. Mheshimiwa alisema hakupata mshauri bora kuliko kikohozi kile, na alipokufa ndipo alipoanza kushindwa kura.

Sasa uone binadamu alivyo. Siku moja ya sikukuu yao alinialika chakula cha mchana juu kwake. Nilikaribishwa kama mgeni wa maana, nikakalishwa, nikamiminiwa hiki na kile. Aliyemimina alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe, mama wa watoto wawili, ambaye alifanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji wa mizigo kule Airport Freezone. Alikuwa ametoka kazini nusu siku kwa ajili ya sikukuu. Alivua kitambulisho shingoni, akaingia jikoni, na hakutoka ila na sahani mkononi. Sote tulikula. Yeye alikula mwisho, amesimama, ameegemea jokofu. Mheshimiwa, mwenye kanuni ya kiti, alinyoosha mkono akaomba chumvi bila kugeuza kichwa kuona anamwomba nani. Chakula kilikuwa kitamu. Nilimpenda yule mama, na siku hiyo nilimwonea aibu.

Mkamwana mwenyewe sikumjua vizuri. Alikuwa wa salamu na tabasamu, anapita asubuhi kukimbilia basi la kazini, anapita jioni na mifuko ya sokoni. Ukimwangalia usingesema ana neno kubwa ndani. Lakini Sula, ambaye huongea kidogo na kuona mengi, aliwahi kuniambia yule dada hupunguza mwendo kila akipita karibu na benchi, hata akiwa amechelewa.

Ndipo zamu ikarudi. Kile kiti cha kijiji, kilekile, kikatengwa tena kwa mwanamke, na simu zikaanza kuingia kutoka nyumbani. Wazee wa kijiji walitaka mtu wa nyumba ile. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amekatazwa kampeni na daktari, moyo haungeweza. Basi mwanawe akasema asimame mkewe. Yeye mume angeendesha mambo kwa simu kutoka Ras Al Khor, mama angekwenda kukaa kijijini kumwongoza mkamwana, na mkamwana angekuwa, sijui niseme nini, angekuwa jina. Naye mwana hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyetusalimu kila asubuhi na kutuletea tende mwezi wa Ramadhani, ingawa si dini yake. Aliona tu kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa.

Na mama aliona hivyohivyo. Hilo ndilo lililonishangaza. Alikuwa mtu mpya. Magoti yalipona, alishuka na simu mbili, aliongea na nyumbani mpaka chai ikapoa vikombeni na wenye shida wakangoja ng'ambo. Alishatoa sanduku juu ya kabati akaanza kupanga sari za kampeni, zile nzito. Alinionyesha bango kwenye simu kabla halijachapishwa. Katikati mwanawe, amekunja mikono. Juu yeye, mkubwa, na shada la maua shingoni. Chini pembeni, kadogo, mkamwana, kichwa kimefunikwa. Nilitazama bango, nikamtazama yeye, nikangoja aone. Hakuona. Alikuwa anailalamikia picha yake, kwamba wametumia ya zamani, ya kabla mvi hazijamaliza kichwa. Nikamwambia imetoka vizuri. Nilirudi kibandani nikamweleza Sula kwamba mwanasiasa ni mwanasiasa tu, awe wa Kitale awe wa India. Sula akasema, "Ngoja kwanza."

Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi, na mkamwana hakwenda kazini. Nilimwona akitoka kwenye lifti baada ya Mheshimiwa kuwa ameshakaa. Nilidhani anamletea dawa alizosahau. Hakwenda benchini. Alikuja upande wetu, ng'ambo, akasimama nyuma ya dereva wa Peshawar na yaya mmoja, akangoja. Dereva akamaliza. Yaya akaenda, akamaliza. Kisha yeye akavuka, akasimama mbele ya mama mkwe wake kama walivyosimama wengine. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia, na Kihindi changu kilitosha.

Mheshimiwa alimuuliza nani yuko na mtoto mdogo. Mkamwana akasema mtoto yuko shule, na yeye amekuja na shida. Kisha, naapa, nilimwona yule mzee akihama. Mwili ulifanya ulichozoea kabla kichwa hakijaruhusu: alijisogeza mwisho wa benchi, akampa nafasi, akammiminia chai. Sidhani kama alikuwa amewahi kummiminia chai maishani.

Mkamwana alikaa, akaongea akitazama mikono yake. Maneno yake hayakuwa mengi. Kisha tukangoja, mimi na Sula, maana tulijua kinachofuata. Mheshimiwa aliyarudia, kama alivyoyarudia ya kila mtu.

"Unasema watu wanataka jina lako, hawakutaki wewe. Unasema ukienda utakaa mwenyewe kwenye kiti, asipigiwe mtu simu, si mume, si..." Hapo akasita. Alikuwa hapunguzi maneno ya mtu. "Si mimi. Na usipokaa mwenyewe, huendi."

"Ndiyo, Mheshimiwa," mkamwana akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo.

"Nitaangalia."

"Hiyo nitaangalia naijua. Nimeishi nayo tangu niolewe."

Mheshimiwa alitazama magari. Mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya sari, unaikunja na kuikunjua. Kisha akauliza swali ambalo mama mkwe yeyote wa kwetu angeuliza: ni nani basi atakayewapikia watoto?

"Hilo ndilo nililokuja kukuomba," mkamwana akasema.

Nikaelewa, na nadhani yeye alielewa wakati uleule. Mkamwana akienda kukaa kwenye kiti, mtu lazima abaki Dubai na watoto. Na aliyekuwa ameshapanga sanduku, aliyekuwa amepona magoti kwa kuisikia tu harufu ya kura, ndiye aliyekuwa akiombwa abaki. Hakuwa anaombwa ushauri. Alikuwa anaombwa aiache siasa kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, abaki na sufuria.

Hakujibu siku ile. Mkamwana alimaliza chai yake, akashukuru, akapanda juu. Mheshimiwa aliendelea kukaa. Yaya mwingine alikuja na shida yake, akaambiwa arudi kesho. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu hivyo.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande. Sanduku lilirudi juu ya kabati. Mwana aligomba, halafu akanyamaza, na nyumba ile ilikaa majuma kadhaa mwana hasemi na mama yake. Mheshimiwa alisema kimya hicho anakifahamu, ni cha baba yake, kitaisha. Mwenyewe ndiye aliyepiga simu kijijini akawaamuru wachape bango upya. Alinionyesha. Lilikuwa na sura moja, kubwa, kichwa hakikufunikwa, na mwanamke yule alikuwa anatazama mbele kama anayemtafuta mtu fulani kwenye umati. Nilimwambia imetoka vizuri, na safari hii sikuwa nasema tu.

Mkamwana alikwenda, akashinda. Muda si mrefu kampuni ikanihamishia kulinda maghala ya Airport Freezone, nikaondoka kwenye jengo lile.

Nilirudi siku moja ya mapumziko kumsalimu Sula. Ilikuwa mchana, saa watoto wanaporudi, na nilimkuta Mheshimiwa amesimama langoni kungoja basi la shule, na chupa mbili za maji za watoto mkononi. Alikuwa amekonda. Alikuwa na alama ya kuungua kwenye kiganja, akanionyesha bila kuulizwa, akasema chapati za watu wa siasa huwa hivyo. Niliuliza kuhusu benchi. Akasema hana nafasi. Asubuhi ni sare za shule, mchana ni hesabu za mtoto mkubwa, ambazo hazielewi. Mwanawe ameshaanza kuongea. Mkamwana hupiga kila jioni, anaongea na watoto, kisha naye, na hawazungumzii kazi. Hilo walikubaliana.

Simu yake ikalia. Alitazama jina, akasita, akapokea. Sauti ya mwanamume mzee ilisikika mpaka nilipo mimi. Mheshimiwa alisikiliza, akasema kwa upole, "Mwenyekiti yuko huko kwenu. Mwendee yeye." Mzee aliendelea kubembeleza. Alimwita mama, akamwita dada. Mheshimiwa alisema tena vilevile, hakuongeza, akakata. Simu akaificha ndani ya sari.

Akanieleza. Ndugu wawili wanagombania njia ya kwenda mashambani, mmoja ameweka uzio, mwingine ameshika panga, na kesho wanafika mbele ya mkamwana. Kisha maneno yakamtoka kama maji. Babu yao aligawa shamba mbele yake yeye, mwaka wake wa kwanza kwenye kiti. Njia ilipita upande wa juu wa mkwaju, mkwaju ulikatwa baadaye, ndiyo maana kila mmoja anadai lake. Lakini kisiki kipo, kimefunikwa na magugu tu, na shangazi yao bado yu hai anakijua kilipo. Mkamwana asingeweza kuyajua hayo. Aliyasema yote kwa uso unaong'aa, akichora njia hewani kwa kidole, na kwa kitambo kidogo alikuwa Mheshimiwa wangu wa zamani, mzima mzima.

"Sasa si ungemwambia yule mzee?" nikamuuliza. "Jambo lingeisha leo."

"Lingeisha," akasema. "Ndiyo maana sikumwambia. Angenisikiliza mimi, si mwenyekiti."

Macho yalimjaa machozi, akayaacha. Basi la shule likaingia langoni, naye akaenda kupokea mabegi.